Mstari wa Mwaka 1987

Lumemo, Ifakara
3 Machi 2025

Baba mdogo Kelestini,

Shikamoo. Naandika nimekaa kitandani, Beno kalalia mkono wangu wa kushoto, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima ujue ni yeye. Ana miezi minane sasa, meno mawili, na hasira za mtu mwenye meno yote. Dada yake Jane ameanza darasa la kwanza. Anajua kuandika jina lake, na analiandika ukutani. Eustaki anakusalimu, bajaji yake ilikaa gereji wiki mbili, juzi imetoka. Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanamkumbusha umri. Mimi mzima, ila usingizi nausikia kwa watu.

Jumapili nilikupigia simu mara tatu. Mara zote ulisema, "Haloo! Nani? Sema kwa nguvu!" halafu ukakata. Nikasema basi, mashine ya kukoboa mpunga imekula masikio yako lakini macho haijayagusa. Baba naye alikuwa anakuandikia. Barua hii nampa Dionisi, kondakta wa basi la Mlimba, atakuachia hapo mashineni.

Sasa jambo lenyewe. Chuo cha Ualimu Lumemo alikosoma baba kinatimiza miaka hamsini, na sherehe ni tarehe 2 Agosti. Wanachonga ubao mkubwa wa mninga wa kuandika miaka yote ambayo chuo kilichukua Kombe la Vyuo vya Bonde, na jina la nahodha wa kila mwaka. Baba alikuwa nahodha na kipa mwaka 1987. Lakini Mwalimu Marselino, katibu wa kamati, anasema mwaka huo una ugomvi. Chuo cha Kilimo Ruipa nao wameuandika kwenye ukuta wao tangu zamani. Wao wana karatasi ya refa inayosema mabingwa ni Ruipa. Sisi tuna kombe lenyewe, lile lililo juu ya kabati la mama. Fainali ilichezwa huko kwenu Mlimba na haikufika mwisho, na miaka thelathini na nane kila chuo kinasema chake.

Mwalimu Marselino ameniambia hivi: "Niletee shahidi aliyeiona mechi ile kwa macho yake na ambaye hakuwa mchezaji wa upande wowote. Aandike, atie sahihi. Akifanya hivyo jina la marehemu linaingia. Asipopatikana, mstari nauacha wazi."

Wewe ulikuwepo uwanjani. Baba alisema hivyo mara nyingi. Nakuomba uandike ulichokiona, hata nusu ukurasa.

Usione ni jambo dogo. Baba alifundisha watoto wa watu miaka thelathini, na jina lake halijaandikwa popote isipokuwa msalabani. Mama anataka kuliona ubaoni magoti yakiwa bado yanakubali kutembea. Na mimi nataka Jane alisome.

Mwanao,
Restuta


Mlimba
29 Machi 2025

Mama,

Marahaba. Nakuita mama kwa sababu wewe ndiwe jina la mama yetu, na mwandiko wako unagomba kama yeye.

Barua nimeipata. Sisi wazima. Klementina anasema Beno apewe uji wa mchele mpya, mwembamba, usiwe na sukari. Mvua ni nyingi, reli tu ndiyo inapitika bila maneno, barabara imekuwa bwawa. Mpunga umeshika vizuri. Mwaka huu nimepanda kwa mstari kama alivyonifundisha Mzee Fulgensi, bwana shamba mstaafu anayekaa ng'ambo ya reli. Nakwambia tofauti unaiona kwa macho. Ndege bado hawajaanza fujo, lakini nimeshatengeneza manati mbili.

Masikio ni hivyo hivyo. Mtu akinisemesha naangalia midomo. Wenye ndevu ndio wananipa shida.

Msalimu shemeji. Mwambie atumie mafuta mazito kidogo mwezi huu wa mvua, apake miguu.

Mimi Baba yako mdogo,
Kelestini


Lumemo, Ifakara
14 Aprili 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama amepaka mafuta na anashukuru. Uji wa mchele Beno ameutema wote, kautemea kwenye gauni la kanisani. Mwambie Mama mdogo Klementina kwamba tutajaribu tena.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikampa Eustaki naye asome, labda mimi nimesinzia mahali. Akaigeuza nyuma na mbele. Akasema, "Mke wangu, hapa kuna mpunga, ndege, mafuta na ndevu. Mpira sioni."

Umejibu kila kitu, isipokuwa nilichouliza.

Sikulaumu. Labda hukuelewa kwamba nahitaji karatasi. Basi naeleza tena: nani alikuwa anaongoza, nini kilitokea mpaka mechi ikakatika, sahihi yako chini. Kamati inakaa mwanzoni mwa Juni.

Mwanao,
Restuta


Lumemo, Ifakara
19 Mei 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Mwezi umepita na siku tano juu. Jane aliugua malaria, amepona, amerudi shule anaringa na kovu la sindano. Beno anatambaa. Anatambaa kuelekea kwenye moto tu, sehemu nyingine hazimvutii.

Dionisi ameniambia barua yangu alikupa mkononi. Amesema uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaiweka chini ya kofia, ukawasha mashine. Amesema mashine haikuwa na mpunga ndani.

Baba mdogo, kuna nini?

Restuta


Mlimba
1 Juni 2025

Mama,

Marahaba. Tumeanza kuvuna, ndiyo sababu ya kuchelewa. Mikono yote iko shambani, kalamu nani aishike.

Ulichoomba nimeandika kwenye karatasi ya pili, mpe huyo mwalimu. Pole na Jane.

Kelestini

*Mimi Kelestini, mkazi wa Mlimba, nilikuwepo uwanjani tarehe 9 Mei 1987 katika fainali ya Kombe la Vyuo vya Bonde. Chuo cha Ualimu Lumemo walikuwa wanaongoza mabao mawili kwa moja. Treni ya kuwarudisha Ifakara ilifika kabla mechi haijaisha, wakalazimika kuondoka. Kwa hiyo walishinda. Hayo ni kweli tupu.*


Lumemo, Ifakara
10 Juni 2025

Baba mdogo,

Shikamoo, na poleni kwa mavuno. Huku Lumemo nako mpunga unaanikwa mpaka pembeni mwa lami, Eustaki anaendesha bajaji kama anayevuka kitanda cha mtu.

Karatasi yako ilipofika nilifurahi mpaka nikamwamsha mama. Nilimsomea. Akatikisa kichwa kwa furaha, akasema, "Kesho mpelekee mwalimu." Nikaiweka kwenye mfuko wa Beno wa kliniki ili nisiisahau.

Halafu nikawa nanyonyesha. Mtu anayenyonyesha hana la kufanya ila kufikiri. Nikakumbuka hadithi ya baba ya kila Krismasi. Unaijua, sote tunaijua. Siku ya fainali walivyokaa stesheni Mlimba wakisubiri treni, njaa inawauma, wakaimba nyimbo zote za kanisa zikaisha, wakaimba za mchakamchaka zikaisha, wakarudia za kanisa kwa Kilatini wasichokijua. Treni inafika, giza limeingia, nusu ya timu imepotewa na sauti. Tulicheka hadithi ile miaka yote. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba aisimulie.

Sasa nauliza. Kama treni ilifika kabla mechi haijaisha, waliimba nyimbo zote hizo wakati gani?

Nimetulia muda mrefu kabla ya kuandika mstari unaofuata, usije ukadhani ni hasira. Karatasi yako nakurudishia, imo humu ndani. Sitaipeleka. Nililia kidogo, nilikuwa nimechoka. Lakini Jane anajifunza kusoma kwa kupaza sauti, Baba mdogo. Anasoma mifuko ya chumvi, anasoma mabango ya barabarani. Siku ya sherehe atasimama mbele ya ule ubao asome jina la babu yake mbele za watu. Siwezi kukaa pembeni nikimsikiliza akisoma kitu chenye tundu ninalolijua mimi na wewe.

Kama huwezi kuniambia, andika "siwezi", nami nitakuheshimu na mstari utabaki wazi. Lakini usiniandikie "kweli tupu" tena.

Nakupenda. Wewe ndiye uliyenibeba mabegani siku ya komunyo yangu ya kwanza ili viatu visiguse matope. Sijasahau.

Mwanao,
Restuta


Mlimba
29 Juni 2025

Mama,

Karatasi imerudi. Mama yetu naye ndivyo alivyokuwa akifanya. Ukimletea maji machafu hakugombezi, anakurudishia ndoo.

Siku kumi na tisa nimekaa nalo. Klementina kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia naumwa. Sasa naandika yote, usinikatize, maana nikianza upya sitamaliza.

Mwaka ule mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nakaa hapa Mlimba kwa shangazi. Kaka Sylvester alifika na treni Ijumaa pamoja na timu. Wenzake walilala darasani, yeye alikuja kulala nyumbani. Jumamosi nikampakia kwenye baiskeli kumpeleka uwanjani. Nilitaka watu waone nimempakia nahodha. Nilikuwa naendesha mbio, nawapigia watu kengele. Pale kwenye mteremko wa mfereji tukaanguka. Yeye akaangukia mkono wa kushoto. Vidole viwili vikavimba hapo hapo.

Akaniambia, "Dogo, usimwambie mtu. Kipa wa akiba anaogopa mpira kuliko nyoka." Nikamfunga kwa kitambaa, akavaa glavu juu yake.

Mechi ilikuwa nzuri, Mama. Sijaona nyingine kama ile. Lumemo mbili, Ruipa moja. Dakika zimebaki chache, beki wa Lumemo akaushika mpira ndani ya boksi. Penalti. Haina ubishi, hata mimi niliiona. Mpigaji akaja, kijana mrefu wa Ruipa, akaweka mpira, akarudi nyuma hatua zake. Nikamwangalia kaka. Ameukumbatia mkono wa kushoto kama mtoto mgonjwa. Nikaona hii nimemfanyia mimi.

Sasa lazima ujue habari ya vyuma viwili. Stesheni walikuwa wametundika kipande cha reli. Kikigongwa watu wanajua treni imeshatoka kituo cha jirani, jiandaeni. Shule ya msingi iliyokuwa kati ya uwanja na stesheni nayo ilitundika kipande cha reli kuwa kengele ya wanafunzi. Vilikuwa vipande vya reli moja, vilikatwa siku moja reli ilipojengwa. Mgeni hawezi kutofautisha sauti. Na timu ya Lumemo walikuwa wageni. Treni ya abiria ilikuwa mara mbili kwa wiki, barabara imefungwa na masika. Ukiikosa ya Jumamosi unalala Mlimba mpaka Jumanne. Wote waliambiwa kikigongwa chuma, kimbia.

Niliondoka pembeni ya uwanja kama mtu anayekwenda kujisaidia. Nikaingia shuleni. Nikagonga.

Nilirudi nikakuta vumbi. Wanakimbia na jezi mgongoni, viatu mkononi, mashabiki wao wanapiga kelele "Treni! Treni!" Refa anapuliza filimbi, hakuna anayesikia. Golini kabaki kaka peke yake.

Kaka alisoma shule ile, Mama. Darasa la kwanza mpaka la saba, akikaa kwa shangazi huyo huyo. Chuma kile kilimwamsha na kumlaza miaka saba. Yeye hakuwa mgeni.

Alinitazama kutoka golini mpaka pale niliposimama. Halafu akavua glavu, akapita mezani kwa wageni wa heshima, akabeba kombe, akakimbia kama wenzake.

Wachezaji wa Ruipa wakamwambia mpigaji, "Piga, goli tupu!" Akakataa. Aliuchukua mpira akaushika tumboni, akasema hapigi goli lisilo na mtu. Ndiyo maana karatasi ya refa haina bao la pili la Ruipa, inasema tu Lumemo walitoroka uwanja.

Mimi na kaka hatukulizungumza hata mara moja. Alikuwa ananiandikia habari za mvua na watoto. Mlimba hakurudi tena. Harusi yangu alituma kitenge na barua, akasema amebanwa na mitihani. Mwezi ule shule zilikuwa zimefungwa.

Na kuna jingine. Yule mpigaji wa penalti ni Fulgensi. Bwana shamba. Serikali ilimleta hapa miaka ya tisini, akaoa, akabaki. Kila mavuno anakaa kwenye kigoda mlangoni kwa mashine yangu akisubiri mpunga wake, na kila mavuno anasema, "Mimi nina penalti moja sijapiga." Watu wanacheka. Mimi naongeza moto wa mashine.

Sasa unajua masikio yangu nilivyoyaacha yaharibike.

Kelestini


Lumemo, Ifakara
8 Julai 2025

Baba mdogo,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikafua nepi zote za Beno na ambazo hazikuwa chafu. Nilikuwa nimekasirika. Wewe nilikukasirikia mpaka saa nne. Baba nikamkasirikia mpaka jioni, na yeye hayupo wa kujibu, ndiyo ikawa mbaya zaidi. Kila Krismasi anatuimbia Kilatini chake na sisi tunacheka.

Nilikuwa na hofu ya kumwambia mama. Nikasema nisipomwambia nitakuwa nimejiunga na ninyi wawili, tuwe watatu. Nikamsomea yote. Alikuwa anachambua mchele. Hakusimamisha mkono mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kila mkesha wa Krismasi nalisugua lile kombe kwa majivu na ndimu. Na kila mkesha yeye anasema anakwenda kuangalia kuku. Miaka yote nilidhani ni harufu ya ndimu."

Nikamuuliza, "Mama, tufanyeje?" Akasema, "Nishushie."

Nikapanda kwenye stuli nikalishusha.

Juzi nimekwenda kwa Mwalimu Marselino, Beno mgongoni. Nikamweleza. Akavua miwani. Akasema, "Mama Jane, sisi tunatafuta ubingwa, wewe unatuletea maungamo!" Nikamwambia ndiyo nilichonacho. Akasema, "Lakini ukikaa kimya tu mama, na Ruipa wakikaa kimya..." Nikamwambia wamekaa kimya watu wazima wawili miaka thelathini na nane, nimeona walichovuna. Akaniambia nirudi baada ya wiki mbili, kamati itasema.

Sasa nisikilize. Ndani ya mfuko huu wa mchele, chini kabisa, limeviringishwa kwa khanga ya mama, kuna kombe. Dionisi nimemwambia ni sufuria, kwa hiyo amelirusha juu ya basi bila heshima, usishangae likibonyea.

Utalipeleka kwa Mzee Fulgensi. Siyo Dionisi, siyo Mama mdogo Klementina, wewe. Ningeweza kuja mwenyewe, nimelifikiria, lakini mkono uliogonga chuma si wangu. Utamwambia kama ulivyoniambia, na baiskeli usiiache. Baba naye ana lake, alibeba kombe huku akijua. Hayupo, basi utasema kwa ajili yenu wote wawili.

Akikufukuza, ufukuzike. Usinikimbilie na habari za ndege.

Ulikuwa na miaka kumi na minane na ulimpenda kaka yako. Hilo nalo nimelisoma, Baba mdogo. Nililisoma la kwanza kabla ya hasira, likarudi tena baada yake.

Mwanao,
Restuta


Mlimba
24 Julai 2025

Mama,

Marahaba. Kombe limefika, limebonyea sikio moja.

Nilikaa nalo siku mbili chini ya kitanda. Siku ya tatu Klementina akaweka kofia yangu mlangoni, akasimama pembeni yake. Nikaenda.

Mzee alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe. Nikamwomba tuzungumze faragha. Nikamweleza yote, taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema na padri. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Klementina ameniambia baadaye nilikuwa napiga kelele mpaka wauza samaki ng'ambo ya reli walinyamaza kusikiliza. Masikio yangu hayanipimii sauti tena. Kwa hiyo Mlimba yote inajua. Labda ni vizuri, nisingepata nguvu ya kumwambia kila mtu.

Nikaliweka kombe mbele yake. Hakuligusa. Aliuokota tena mpini wa jembe. Akasema, nikasoma midomo: "Nenda nyumbani, Kelestini." Nikaenda.

Mpunga wake uliobaki akaupeleka kwenye mashine nyingine. Siku sita kigoda kilikaa mlangoni hakina mtu. Nisikufiche, siku ya tano nilikuchukia kidogo.

Jana akaja. Hakunisalimu. Akanionyesha kwa mkono nizime mashine, nikazima. Akachukua ile kalamu nene ninayoandikia magunia. Akalaza gunia tupu chini, akachora goli. Milingoti miwili na mwamba. Akachora na mtu katikati, mikono ameitanua, mmoja wa kushoto akauchora mnene. Akanipa kalamu. Nilielewa swali. Angerukia wapi?

Nilifikiri vizuri, sikutaka kumdanganya tena hata kwa gunia. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba, asingeuamini. Kaka angerukia kulia kwake. Nikaweka alama kulia, chini, karibu na mlingoti.

Akaichukua kalamu. Akaweka nukta yake. Aliiweka juu ya alama yangu, palepale.

Nikamtazama. Akasema, polepole ili nimsome: "Mguu wangu ulijua kona moja tu. Angeudaka."

Sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Nimemwangalia usoni sikuona jibu. Akakaa kwenye kigoda, akaniambia niwashe mashine. Mpunga hakuwa nao. Tukakaa tu inanguruma.

Kombe anasema si lake, hakulishinda. Anasema si letu pia. Agosti atapanda treni kuja Ifakara, aliweke mezani, maana mara ya mwisho lilikuwa mezani.

Gunia nimelitundika ukutani. Klementina amekataa lisitumike.

Baba yako mdogo,
Kelestini


Lumemo, Ifakara
6 Agosti 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Beno amesimama. Alisimama Jumamosi ileile ya sherehe, kashika mguu wa meza ya wageni wa heshima, sekunde kama tatu hivi, akakaa chini kwa kishindo na kujipigia makofi.

Hukuja. Mavuno yameisha na mashine inajua kuzimwa, kwa hiyo sitauliza sababu. Krismasi utakuja. Hilo siyo ombi.

Mzee Fulgensi alifika na suti ya rangi ya udongo na kombe ndani ya ile khanga ya mama, ameifua na kuipiga pasi. Aliliweka mezani akakaa. Wenzake wa zamani wa Ruipa walikuwepo wanne, wenzake baba watatu, wameota mvi wote. Mwanzoni walikaa mbalimbali. Mmoja wa kwetu akamwambia Mzee, "Kumbe tuliimba masaa yote yale bure!" Mzee akamjibu, "Tuliwasikia. Mlikuwa mnaimba vibaya." Hapo wakaanza kuvuta viti.

Ubao umetundikwa. Kuna miaka kumi na moja, manahodha kumi na mmoja, rangi ya dhahabu. Katikati yake kuna mstari huu: *1987. Mechi haikumalizika.* Mwalimu Marselino amenikasirikia bado, lakini aliniambia Ruipa nao wamepiga simu, wanapaka ukuta wao rangi. Eustaki anasema ubao mzima watu wanausoma kwa mstari ule mmoja tu. Kila aliyepita alisimama akauliza, na kila aliyeuliza akatajiwa Sylvester aliyedaka na vidole vilivyovimba. Jina halimo, na siku nzima sikusikia jingine.

Jane alisoma kwa sauti. "Me-chi ha-i-ku-ma-li-zi-ka." Akageuka akaniuliza, "Mama, kwa nini?" Nikamwambia nitamweleza, ni ndefu. Mama akasema, "Mweleze sasa, magoti yangu yanataka kukaa." Tukakaa kwenye nyasi nikamweleza, na baiskeli sikuiacha.

Jana niliamka mapema nikaenda makaburini kabla jua halijawa kali, Beno mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza baba. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilipofika nikang'oa majani kwanza. Nikafuta msalaba.

Nikamwambia, "Baba, Fulgensi alikuwa anapiga kulia kwako."

Nikarudi nyumbani, maana Beno alikuwa ameanza kulilia titi.

Mwanao, jina la mama yenu,
Restuta